Mafunzo ya kinga ya mtoto kwa njia ya mtandao: maana na mipaka yake

Haya ni masomo ambayo nesi, tabibu au mhudumu mwingine wa kliniki ya mtoto huyafuata kwa simu au kompyuta akiwa kituoni kwake, badala ya kuitwa semina mjini. Neno kinga hapa ni pana kuliko chanjo. Lina ndani yake kupima uzito na kusoma mstari wa ukuaji kwenye kadi, kupima mzingo wa mkono kwa utepe, matone ya vitamini A kila miezi sita, dawa za minyoo, na ushauri wa kunyonyesha.

Umuhimu wake unaonekana wazi huku Kigoma na Tabora. Kwenye zahanati ya Uvinza au Sikonge yenye watumishi wawili tu, nesi akienda semina siku tano, akina mama wanakuta kliniki imefungwa. Na ratiba ya chanjo nayo haisimami. Aliyemaliza chuo kabla ya 2014 hakuikuta dozi ya surua-rubela ya miezi 18. Chanjo ya polio ya sindano, ya wiki ya 14, ilianza 2018. Polio ilipozuka Rukwa mwaka 2023, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa sita iliyoendesha kampeni Septemba hiyo kwa watoto chini ya miaka 8. Mambo kama hayo hayangoji semina ya mwakani.

Kozi huanza na jaribio la awali, zikafuata moduli fupi, kisha jaribio la mwisho na cheti. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama baraza lako la taaluma linakitambua cheti hicho wakati wa kuhuisha leseni.

Kipimo cha kozi nzuri ni visa vyake. Chukua hiki: mama ameleta mtoto wa miezi 9 mwenye mafua mepesi, na chupa ya surua-rubela ina dozi 10. Mtoto ni huyo mmoja tu. Wengi humwambia arudi siku watoto watakapokuwa wengi, kwa sababu chanjo hiyo ikishachanganywa na maji yake haina kihifadhi, bakteria wanaweza kukua ndani, na lazima itupwe baada ya saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Hofu ya kumwaga dozi tisa inaeleweka. Lakini jibu sahihi ni kufungua: mafua mepesi hayazuii chanjo, na mama aliyetembea saa tatu huenda asirudi. Moduli isiyomfikisha mhudumu kwenye uamuzi huu, hata iwe na picha nzuri kiasi gani, imempotezea muda.

Mpaka wa mtandao ni ustadi wa mkono. BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05, nayo huingia ndani ya ngozi, si chini yake. Ikikaa sawasawa, ngozi huinuka kipele cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Isipoinuka, sindano imezama, na hapo ndipo majipu na tezi za kwapani kuvimba hutokea zaidi. Video inaonyesha jinsi ya kuilaza sindano, ila haikupi ule ukinzani wa ngozi unaousikia kidoleni. Kwa hiyo, baada ya moduli, msimamizi mwenye uzoefu akutazame ukichanja watoto kadhaa, akusahihishe papo hapo. Mara moja haitoshi.

Kinachoharibu mafunzo haya zaidi ni majibu ya jaribio kupitishwa kwenye kundi la WhatsApp: cheti kinapatikana, na Penta (chanjo ya magonjwa matano) iliyoganda kwa baridi inaendelea kutolewa kwa kuwa hakuna aliyesoma kwamba ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Tatizo la pili ni bando. Video nzito hukatika njiani, hasa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Chagua kozi inayoruhusu kupakua masomo, uyapakue siku unapokwenda wilayani kuchukua chanjo, kisha ujibu jaribio mtandao unapotulia.