Maziwa hayaoshi risasi

Kazi yangu ni ya sera, hapa hapa Mombasa. Nasoma miswada na kanuni zinazohusu kemikali za sumu, naandika maoni, nakaa vikaoni mpaka neno moja libadilishwe. Nikienda mitaani, iwe Jomvu, Mikindani au Changamwe, nasikia mambo yaleyale kuhusu risasi, si ya bunduki bali madini yale ya betri na rangi (lead kwa Kiingereza), yakisemwa na watu wenye akili timamu. Siwalaumu. Mengine waliambiwa na wasimamizi wa kazi, na mengine yamezaliwa na sisi tunaoandika sheria kwa lugha isiyomfikia mtu. Lakini yanaumiza watu, kwa hiyo sinyamazi.

"Ukinywa maziwa baada ya kazi, sumu inatoka"

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mchomeleaji, fundi wa rangi, kibarua wa kuvunja betri kuukuu za magari: jioni anapewa pakiti ya maziwa na kuambiwa kifua kimeoshwa. Maziwa yanashuka tumboni. Vumbi na moshi wa risasi umeshapita puani ukaingia mapafuni, na kutoka huko ukaingia damuni. Njia hizo mbili hazikutani. Ni kweli kwamba mtoto anayepata kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha, tumbo lake hufyonza risasi kidogo kuliko la mtoto mwenye upungufu. Lakini kuzuia kidogo kinachoingia si sawa na kutoa kilichokwisha kuingia.

Tena risasi haikai damuni tu. Ya damuni hupungua kwa nusu katika muda wa kama mwezi mmoja, iwapo mtu ameondoka penye sumu. Nyingine hujificha kwenye mifupa na kukaa humo miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, mwili wake huchota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Binti aliyevunja betri akiwa na miaka 17 anaweza kumpa mwanawe sumu hiyo akiwa na miaka 30, na kiwanda kilishafungwa zamani.

Pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa inayofaa, feni ya kufyonza moshi, bafu, na nguo za kazi zinazofuliwa kazini. Ndiyo maana inatolewa. Na katika hayo yote, mimi husimama zaidi kwenye nguo. Baba anarudi nyumbani na vumbi mwilini, mtoto anamkimbilia mlangoni, anambeba. Mtoto huyo hajawahi kukanyaga kiwandani. Na akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 ya ile ambayo mwili wa baba yake ungefyonza.

Jirani wa dhana hii ni ile ya kuchemsha maji. Moto unaua vijidudu. Risasi ni madini, haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki.

"Mwanangu anacheza vizuri, hana kitu"

Natamani ingekuwa hivyo. Risasi kidogo haimlazi mtoto kitandani. Humfanya achelewe kushika masomo, asitulie, asahau haraka, na sisi tunamwita mtundu au mzito. Kinachojulisha ni kipimo cha damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 linashauri kwamba damu ya mtu ikionyesha mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ziko dawa kwa waliozidiwa, lakini mtoto akitibiwa kisha akarudi kwenye udongo uleule, tumefanya nini?

"Mazingira ni mambo ya walioshiba, sisi tunataka kazi"

Hapa hapana budi kutaja Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007 ukutani mwa mtaa huo, na kazi ilikuwa kazi kweli: vijana walipata mshahara, maduka yakauza. Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Hakuwa ameshiba. Alikuwa mama aliyehitaji mshahara kama wenzake, na ndiye aliyekwenda kuwaambia majirani. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba hukumu ile haikumwangukia mwenye kiwanda peke yake. Taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia, ikiwemo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilibebeshwa sehemu yake. Maana yake sheria zilikuwepo, hazikufuatwa. Ajira ya pale haikuuliwa na sheria. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapa pana nyumba za watu, sogezeni" kabla ya tanuri la kwanza kuwashwa.

Wala hakuna anayetaka betri ziachwe zitupwe shimoni. Karibu nane unusu katika kila kumi ya risasi inayotumika duniani iko ndani ya betri, na zile za sola zinazidi kuongezeka. Lazima ziyeyushwe mahali fulani. Tunachodai ni mahali penye vichujio, penye njia ya kutibu maji machafu, na mbali na watoto.

"Kemikali isizuiwe mpaka ithibitishwe kwamba imeua mtu"

Nimeambiwa hivi na watu wa ofisini, tena kwa upole. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Hata sheria ya mazingira ya 1999 inataja kanuni ya tahadhari, yaani kuzuia madhara bila kungoja uthibitisho kamili. Anayesubiri maiti anasubiri kitu ambacho sheria haikukiomba.

"Hayo ni ya Nairobi, kaunti haina la kufanya"

Fungua Ratiba ya Nne ya Katiba, ile inayogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti. Kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma ni kazi ya kaunti. Takataka pia. Na si lazima ngazi ya chini ingojee ya juu: chupa za watoto zenye bisifenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, zilipigwa marufuku 2009 na kaunti ya Suffolk, jimboni New York. Idhini ya kuitumia kwenye chupa hizo kwa Marekani nzima iliondolewa 2012.

"Kila mtu achague mwenyewe, sheria ya nini?"

Nani alichagua petroli yenye risasi? Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzo wa 2006 ikawa imeondoka. Mwenye gari hakuombwa awe na busara. Pampu zilibadilishwa. Rangi za nyumba vilevile: kikomo ni sehemu 90 za risasi katika milioni, na mama anayepaka chumba cha mwanawe hana namna ya kukijua kiasi hicho kwa kuangalia kopo.

Wanja nao unanigusa, maana ni wetu, na bibi zetu waliupaka kwa mapenzi. Ule wa jiwe linalong'aa, unaosagwa, mara nyingi jiwe lenyewe ni madini ya risasi. Kuitwa wa asili hakuuondolei sumu. Mtoto mchanga asipakwe.

"Maoni kuhusu miswada ni ya mawakili na wanakemia, tena kwa Kiingereza"

Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7, na karani wa bunge la kaunti hupokea barua iliyoandikwa kwa mkono. Mimi najua kutofautisha "anaweza kupima" na "ni lazima apime", na neno hilo moja naweza kulipigania siku nzima. Lakini sijui moshi unatoka saa ngapi nyuma ya nyumba yako. Andika hilo. Andika mtaa, upepo unakoelekea jioni, mtaro unamwaga wapi, na watoto wanacheza upande gani.