Gemu Ikiondolewa Dukani: Tunayoambiana Kibandani na Mambo Yalivyo

Jumamosi moja mwezi uliopita kijana wa hapa Kaptembwa aliingia kibandani kwangu na mashine ya gemu ya PS4 ndani ya mkoba wa shule. Akaitoa, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta, akaniambia: "Anko, nitafutie FIFA 19. Dukani haiko tena, na nimesikia wameifuta hata kwa wale walionunua." Wenzake waliokuwa wakingoja zamu wakadakia, kila mmoja na lake. Nimechezesha PS hapa Nakuru tangu enzi za PS2 na televisheni za Great Wall za inchi 14, na maneno hayo huyasikia kila gemu ya zamani inapotoweka kwenye maduka ya mtandaoni. Mengi si ya kweli. Yana hasara pia, kwa sababu anayeyaamini huiacha akaunti yenye vitu vyake ipotee akidhani hamna kitu ndani.

"Ikiondolewa, hata aliyenunua amepoteza"

Mara nyingi sivyo. Gemu ikiondolewa dukani, kinachokoma ni kuuzwa. Aliyekwisha kuilipia bado anayo katika orodha ya vitu alivyonunua, na anaweza kuipakua upya. FIFA 19 ya kijana yule ilinunuliwa na kaka yake mkubwa kabla hajaenda chuo. Tuliingia kwenye akaunti ya kaka, tukaacha duka, tukafungua maktaba na kuteremka hadi kwenye orodha ya vilivyonunuliwa. Ilikuwa pale, karibu na mwisho. Miezi yote hiyo alikuwa akitafuta sokoni kitu kilichokuwa stoo kwake.

Ila zipo hatua tatu ambazo watu huzichanganya, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni hiyo ya kuuza kukoma. Kampuni ya Nintendo ilifunga mauzo katika duka la mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, lakini waliokuwa wamenunua waliendelea kupakua vitu vyao.

Ya pili ni kupakua kukoma. Gemu fupi ya kutisha iitwayo P.T. ilitolewa bure Agosti 2014 kwenye duka la PlayStation, ikaondolewa Aprili 2015. Baadaye hata waliokuwa wameichukua wakashindwa kuipakua tena. Aliyebaki nayo ni yule tu ambaye hakuifuta kwenye mashine yake, na mashine zenye gemu hiyo zikaanza kuuzwa mitandaoni kwa bei za kushangaza.

Ya tatu ndiyo kifo chenyewe: kuzimwa kwa seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu huunganishwa nazo kwa intaneti. The Crew ya kampuni ya Ubisoft, gemu ya magari iliyotoka Desemba 2014, iliondolewa madukani Desemba 2023, na tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa. Gemu ile ilihitaji seva hata ukiendesha gari peke yako, bila mpinzani yeyote. Kwa hiyo siku hiyo kila nakala duniani ilikufa, ya kupakuliwa na ya diski. Hapo ndipo Mmarekani Ross Scott alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, akitaka kampuni zilazimishwe kuacha gemu katika hali ya kuchezeka zinapoacha kuihudumia. Kufikia Julai 2025, sahihi za raia wa Umoja wa Ulaya wanaoiunga mkono zilikuwa zimepita milioni moja. Mimi niko upande wake kabisa. Mtu aliyelipa pesa zake hapaswi kuamka asubuhi akute gari lake haliwaki kwa sababu mtu wa mbali amechomoa waya.

"Wameitoa kwa sababu ilikuwa haiuzi"

Hili ndilo husemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Gemu zinazopendwa sana huondolewa pia, na sababu kubwa ni mikataba.

Gemu ya mpira au ya magari ina vitu vingi vya watu wengine ndani yake. Majina ya ligi, nembo za timu, sura za wachezaji, magari, nyimbo: kila kimoja kilikodishwa kwa muda. Ni kama mimi na kibanda hiki. Mabati ni yangu, mbao ni zangu, rangi niliipaka mwenyewe, lakini ploti ni ya mtu. Mkataba ukiisha na tusipoelewana, nitafunga hata kama wateja wamejaa hadi barabarani.

EA, kampuni inayotengeneza gemu hizo za mpira, na shirikisho la FIFA walishirikiana tangu 1993. Walipoachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho yenye jina hilo, na Septemba 2023, EA Sports FC 24 ilipokuwa ikitoka, FIFA za zamani zilizokuwa zimebaki madukani zikaondolewa. Forza Horizon 4 iliondolewa tarehe 15 Desemba 2024, mikataba ya magari na mengineyo ilipofikia kikomo, ingawa walioinunua wanaendelea kuicheza. Hakuna anayeweza kusema gemu hizo zilikosa wateja.

Wakati mwingine gemu hubaki dukani lakini hunyofolewa vipande. GTA IV, gemu ya wahalifu na magari ya wizi, ilitoka Aprili 2008. Aprili 2018, miaka kumi kamili, leseni za nyimbo nyingi zikaisha, na nyimbo hizo zikatolewa kwenye redio za ndani ya gemu, hasa stesheni ya Kirusi ya Vladivostok FM. San Andreas, GTA ya kabla yake, nayo ilipoteza baadhi ya nyimbo kwenye kompyuta mwaka 2014. Hili liliniuma, kwa sababu San Andreas ndiyo iliyojenga kibanda hiki. Nawakumbuka vijana wa Bondeni waliokuwa wakiiba gari, wanaegesha kando ya barabara, halafu wanakaa tu wakisikiliza nyimbo za kantri za K-Rose huku muda waliolipia unayoyoma. Hapa kwetu Bonde la Ufa kantri ni muziki wa nyumbani. Diski ya PS2 ya wakati ule bado ina nyimbo zote, na ninayo moja ambayo siiazimi mtu.

"Nikishanunua ni yangu, kama ng'ombe"

Ng'ombe ukimnunua unampeleka nyumbani, na aliyekuuzia hawezi kuja usiku kumfungua kamba. Gemu ya dukani mtandaoni unalipia ruhusa ya kuitumia. Hayo yaliandikwa tangu zamani kwenye masharti marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma. Jimbo la California lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayolazimisha maduka ya namna hii kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, iliweka maelezo hayo kwenye ukurasa wake wa malipo tangu Oktoba 2024, kwa hiyo hata ukilipa ukiwa Kisumu au Kakamega, soma mistari ile kabla hujabonyeza.

Yapo maduka yenye utaratibu mwingine. GOG, lililoanza 2008 kwa kuuza gemu za zamani za kompyuta, hukupa faili lenyewe la kusakinisha, lisilo na kufuli, uliweke kwenye hard disk yako. Gemu mbili za kwanza za Warcraft zilipoondolewa hapo Desemba 2024, walionunua hawakupoteza kitu.

"Mwenye diski hana wasiwasi"

Ana afueni, lakini si kamili. Diski ya PS2 ilibeba gemu nzima. Diski nyingi za siku hizi hubeba sehemu tu, na mengine hushushwa kwenye intaneti. Diski nayo ni kitu cha kushikika: paa langu liliwahi kuvuja usiku mmoja juu ya boksi la diski, na asubuhi nikatupa kumi na moja.

"Haiuzwi tena, basi kunakili ni halali"

Hapana. Hakimiliki haiishi kwa sababu duka limefungwa. Marekani, kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kutolewa, na hapa Kenya pia programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Hata hivyo, hapa pana dhuluma inayostahili kusemwa. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kununuliwa. Watunza maktaba waliomba ruhusa ya kuwaonyesha watafiti gemu hizo kwa mbali kupitia intaneti, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikawakatalia. Kitabu kisichochapwa tena unaweza kukikuta maktaba. Gemu haina pa kukaa.

"Ikishatoka hairudi"

Hurudi, mara mojamoja. Gemu ya Scott Pilgrim iliondolewa Desemba 2014 ikarudi Januari 2021. Mwaka huohuo wa 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya PS3 na Vita, mashine zake za zamani, watu wakalalamika, na mwezi wa Aprili ikabatilisha uamuzi huo.

Kabla kijana hajaondoka, nilimpa kalamu aandike barua pepe ya akaunti na neno la siri nyuma ya daftari lake la hesabu. Nimeona akaunti nyingi zikipotea kwa sababu zilifunguliwa kwa barua pepe ya binamu aliyehama. Mashine aliiacha kwangu ipakue usiku kucha, maana mzigo ule ni mkubwa.

Jumapili baada ya kanisa alirudi na mdogo wake. Nikamuuliza kwa nini FIFA 19, na kuna mpya zaidi ya hiyo. Hakunijibu. Alishika padi, akachagua Tottenham, akafungua orodha ya kikosi, akamweka Victor Wanyama katikati ya uwanja, ndipo akanigeukia.

"Huyu, Anko. Kwa zile mpya hayuko hapa."