Hesabu ya mafundi wawili: anza na majibu, x baadaye

Wanafunzi wengi wanaokuja kituoni kwetu hapa Lamu kujumlisha wanajua, kugawanya wanajua, lakini wakiona swali la mafundi wawili na kazi moja wanakwama, wanaandika x halafu hawajui waipeleke wapi, na majibu manne yako pale pale chini ya swali na moja lao ndilo. Inaniuma kuona mtoto anaacha swali kama hilo.

Haya, chukua hili. Mafundi wawili Matondoni wakikalafati jahazi, yaani kuziba nyufa za mbao zake, pamoja wanamaliza siku 4. Wa pili akifanya peke yake anachukua siku 6 zaidi ya wa kwanza. Wa kwanza peke yake atachukua siku ngapi? A 3, B 6, C 8, D 12.

Usikimbilie kalamu. Wawili wanachukua 4, sasa mmoja peke yake atamalizaje kwa 3? A imetoka. Halafu fikiria wangekuwa na mbio sawa, kila mmoja angechukua 8. Huyu wa kwanza ndiye mwepesi kwa hivyo lazima awe chini ya 8, basi C na D nazo zimekwenda, tena hiyo D ni mtego, ni siku za yule mwingine. Imebaki 6, ijaribu: wa kwanza 6, wa pili 12. Igawe kazi vipande 12, wa kwanza anafanya 2 kwa siku, wa pili 1, jumla 3 kwa siku, 12 kugawa kwa 3 ni 4. Imekubali. Kumbuka tu siku zenyewe hazijumlishwi, kinachojumlishwa ni kazi ya siku moja.

Swali la birika la maji, yaani tangi, linalovuja ndilo linalotatiza zaidi. Mfereji unajaza birika masaa 6, lakini kwa sababu ya ufa linajaa masaa 8. Ufa peke yake utamaliza maji ya birika iliyojaa kwa masaa mangapi? A 12, B 14, C 24, D 48. Wengi wanajumlisha 6 na 8 wanachagua B. Jaribu 12 kwanza: birika ni ndoo 12, mfereji unaleta 2 kwa saa, ufa unakula 1, inabaki 1, kwa hivyo masaa 12. Yamezidi 8, maana yake ufa tuliouweka ni mkubwa mno, tunataka unaovuja polepole, yaani namba *kubwa* zaidi, na hapa ndipo watu wanageuka njia mbaya. Nenda 24: ndoo 24, zinaingia 4, inatoka 1, zinabaki 3, masaa 8. Ni C.

Lakini mkiwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, msitegemee njia hii ya kujaribu majibu peke yake, kule karatasi ya hesabu inataka hatua na hatua zina maksi zake. Andika mlinganyo wako kwanza, halafu njia hii itumie kuhakikisha jibu.