Kabla ya Kununua Filta, Niambie Utalisha Nini

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwa watu wanaotaka tangi la matumbawe sebuleni huanza na swali moja: fundi, nichukue filta gani? Nami huwauliza: samaki wangapi, wa aina gani, na nani atakayewalisha? Wengine hudhani ninakwepa. Sikwepi. Katika tangi la maji chumvi, filta na chakula ni hesabu moja.

Chukua tangi ninalolijenga mara nyingi hapa Nairobi: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Ukilijaza hadi ukingoni linabeba lita 300. Toa nafasi ya mawe na mchanga, kisha ongeza tangi dogo la kabatini, lile tunaloliita sampu, na unarudi kwenye lita 300 hivi za maji halisi. Sasa kila siku tia gramu moja tu ya chakula kikavu cha punje chenye protini asilimia 45. Protini ina nitrojeni kama asilimia 16, kwa hiyo gramu ile imebeba miligramu 72 za nitrojeni. Yote ikiishia kuwa nitrati, yaani mabaki ya mwisho ya uchafu huo majini, inakuwa miligramu 320 hivi, yaani zaidi kidogo ya miligramu moja kwa kila lita. Kwa wiki ni saba. Wewe kila Jumamosi unabadilisha asilimia kumi ya maji na kuona umemaliza kazi, lakini nitrati itaendelea kupanda hadi ikaribie miligramu 70 kwa lita, maana hapo ndipo sehemu ya kumi unayoimwaga inalingana na saba unazoingiza. Ni kweli nimehesabu hali mbaya kabisa. Samaki anayekua huhifadhi sehemu ya nitrojeni mwilini, na mwani hula yake. Hata hivyo mimi hulenga kati ya 2 na 10, na ndoo peke yake haitakufikisha huko.

Filta ya kwanza ni mawe. Si urembo. Vijitundu vyake ni makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, na ndani zaidi, pasipo na oksijeni, wapo wanaoirudisha nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Kazi hii huchukua wiki nne hadi sita kusimama, na hakuna mteja anayependa kuambiwa hivyo. Lakini maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 8.2 hivi, na kwa pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji baridi yenye pH ya 7. Aliyezoea kuweka samaki wa maji baridi siku ya pili akaona wamepona, huku atawazika.

Mawe hayo usiyatoe baharini. Hifadhi za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968, na miamba ya pwani yetu ilipauka vibaya kwa joto la bahari mwaka 1998. Sioni sababu ya mtu wa Nairobi kuibomoa zaidi ili apambe sebule. Nunua mawe makavu, kisha omba kijiwe kimoja kutoka kwenye tangi la rafiki lililokomaa. Bakteria watahama wenyewe.

Chombo ambacho siko tayari kujenga tangi bila hicho ni skima. Inapuliza vipovu vidogo sana ndani ya mrija uliojaa maji. Molekuli nyingi za uchafu wa chakula na kinyesi zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Ule unaoyakimbia hujishika kwenye kipovu, kipovu kinapanda, povu linamwagikia kikombe cha juu. Uzuri wake ni kwamba uchafu unatoka kabla haujaoza. Bakteria wa mawe hupokea kilichokwisha kuwa amonia. Skima inakamata protini ingali protini. Kikombe kikijaa maji yenye rangi ya strungi na harufu ya kukufanya ugeuze uso, ujue inafanya kazi. Kikijaa maji meupe, umeifungulia kupita kiasi. Ioshe shingo yake kila baada ya siku chache, kwani mafuta yakiganda pale povu halipandi.

Ninaipenda skima kwa sababu nyingine ambayo miongozo iliyoandikwa na watu waishio karibu na bahari haiitaji. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua vivyo hivyo. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 pale Nyali, Mombasa, yanaweza kushika miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita. Yalete Kilimani, hapa Nairobi, kwa joto lile lile, hayatapita 5.5 hivi. Samaki wako anaanza siku akiwa na akiba ndogo. Akila, mwili wake unatumia oksijeni zaidi ili kusaga chakula, na bakteria wanaovamia mabaki nao wanavuta yao. Usiku taa zikizimwa, mwani na matumbawe huacha kutoa oksijeni na huanza kuitumia. Kwa hiyo tangi la hapa nalijaza samaki wachache kuliko vitabu vinavyoruhusu, naelekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike, na sikubali mlo mzito saa tatu usiku ati ndipo baba amerudi kazini.

Stima ikipotea, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni; baridi huchukua muda mrefu zaidi. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, au inveta iliyounganishwa na pampu ya mzunguko peke yake. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake ili usiiharibu, itaendesha pampu ya wati 15 zaidi ya siku nzima. Ukiunganisha na hita ya wati 200, haitamaliza saa tatu. Stima ikiwa imepotea, usilishe kabisa. Na kama una filta ya mkebe uliofungwa, ikikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wa ndani hufa na kuoza. Imwage na uisuuze kabla hujaiwasha, la sivyo itatapika sumu yote tangini. Hiyo ndiyo sababu naipendelea sampu iliyo wazi. Acha tu nafasi ya kutosha ndani yake kupokea maji yatakayoteremka pampu ikizima, na utoboe kijitundu kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili livute hewa na kuacha kunyonya. Mwanzoni sikukitoboa. Nilikausha zulia la mteja kwa siku mbili, na tangu hapo sijaondoka kwa mtu bila kuzima pampu mwenyewe nikaona maji yanaposimama.

Hita zenyewe weka mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikigoma ikiwa imewaka, haitaweza kupika tangi peke yake. Usiku wa Julai tunazihitaji sana.

Kuhusu maji nitasema machache. Ya mfereji yana klorini, ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi nyingi, na yote yana madini yanayolisha mwani mbaya. Pitisha kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, yenye hatua ya mwisho ya resini ya kunasa madini yaliyobaki, kisha ndiyo utie chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 au zaidi kidogo kwa lita. Ya mezani haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha. Mashine hiyo inahitaji shinikizo la baa tatu au nne, na tangi la paani hutoa baa moja tu kwa kila mita kumi za kimo. Anayeishi orofa ya juu ataona matone tu mpaka anunue pampu ya kusukuma.

Sasa kulisha. Katika nyumba nyingi ninazohudumia, samaki analishwa na watu watatu: baba asubuhi, watoto wakitoka shule, na dada wa kazi akiona wanamfuata kwenye kioo. Mzee mmoja wa Lang'ata aliniita akilalamika kuwa skima niliyomwekea ni dhaifu. Nitrati ilikuwa imepita 80.

"Fundi, hawa wana njaa. Tazama wanavyonikimbilia."

"Mzee, samaki wa mwambani hula kidogo kidogo kutwa nzima. Atakukimbilia hata akiwa ametoka kula sasa hivi."

Hatukubadilisha skima. Tulinunua kile kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, tukapima chakula cha kila siku, na kopo kubwa likafungiwa. Baada ya miezi miwili, na mabadiliko makubwa machache ya maji, nitrati ilishuka hadi 12.

Chakula nikipendacho ni uduvi walioganda, aina ndogo ndogo, wanaotosha kinywani mwa samaki wa anemoni. Wayeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha wachuje kwa chujio la chai. Yale maji ya kuyeyushia hayaingii kinywani mwa samaki yeyote. Ni mzigo wa filta tu. Zima pampu ya kurudisha kwa dakika kumi ili chakula kisizame sampuni, lakini acha ile ya mzunguko. Tia kidogo, ngoja kiishe, tia tena. Kinachofika mchangani ni kingi mno. Wakati mwingine hununua kamba na ngisi City Market, nikawaosha kwa maji ya RO, nikawakatakata na kuwagandisha katika tabaka jembamba ninalovunja vipande. Wengi huniuliza kuhusu omena. Ile iliyoanikwa huja na mchanga na vumbi, na mafuta yake hutanda juu ya maji na kuzuia hewa ambayo nimeieleza hapo juu. Siitumii.

Samaki aitwaye kangaja ni jambo jingine. Huyu ni mla mwani, huchunga kutwa kama mbuzi. Mpe karatasi ya mwani mkavu usiotiwa viungo, ule wa kufungia sushi unaouzwa supamaketi, ibanwe kwenye kioo asubuhi. Ukimlisha uduvi peke yake atakonda mgongoni huku tumbo limejaa. Kabla ya kumnunua samaki yeyote aliyetoka pwani, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, mwache.

Onyo la upande wa pili nalo lina mahali pake. Miaka ya mwanzo niliogopa nitrati hata nikaweka skima kubwa, kaboni, dawa ya kunyonya fosfati, na mwani sampuni, vyote kwa pamoja, nikalisha kwa kijiko cha woga. Maji yaling'aa kama hewa. Matumbawe yakapauka, yakafa njaa. Vijimwani vilivyomo ndani ya nyama yao vinahitaji nitrati na fosfati kidogo. Fosfati siishushi chini ya miligramu 0.03 kwa lita, na kipimo kikisoma sifuri naongeza chakula kabla ya jambo lolote.

Desemba watu wakienda ushago, huacha maagizo marefu kwa jirani. Samaki wazima wanakaa siku nne bila kula, wala hawadhuriki. Kwa safari ya wiki mbili naacha vifuko vidogo vilivyopimwa, kimoja kwa kila siku mbili, na kopo lenyewe naondoka nalo kwenye gari.