Msongo sugu, na mwili usiozoea

Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu ashikaye mpini kila siku. Pia tunaita sugu ugonjwa unaogoma kuondoka. Msongo sugu ni wa maana hii ya pili, lakini wengi walio nao wanaishi kana kwamba ni ile ya kwanza: "Mimi nimeshazoea." Moyo unaweza kuzoea shida. Mishipa ya damu haizoei.

Msongo wa muda mfupi hauna ubaya. Gari likikukosakosa, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo, hufuata na kulisukuma ini litoe sukari ili misuli ipate nguvu. Gari likishapita, mwili unatulia. Deni halipiti hivyo, wala kumuuguza mzazi asiyekutambua tena.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser walichukua kipande kidogo cha ngozi, upana wa milimita 3.5, kwenye mikono ya wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu. Wakafanya vivyo hivyo kwa wanawake wa rika lao wasio na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa takriban siku 9. Kidonda cha milimita 3.5 tu! Nadhani hakuna kipimo kinachoonyesha jambo hili waziwazi zaidi: mwili ulio macho muda wote unaahirisha matengenezo.

Na matengenezo mengi hufanyika usiku. Kwa kawaida kotisoli hushuka jioni, ikawa chini kabisa karibu na usiku wa manane, na shinikizo la damu hupungua kwa asilimia 10 hadi 20 mtu akilala. Mwenye msongo sugu huukosa utulivu huo. Anazinduka saa nane usiku, anaanza kupiga hesabu ileile aliyoipiga jana, na kulala tena hakuji. Kesho yake insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inafanya kazi kwa uzito, njaa inazidi, vitu vitamu vinamwita. Jioni kotisoli inachelewa kushuka, na usiku unaofuata unaharibika kabla haujaanza. Miaka ikipita hivyo, hatari ya shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya 2 na sonona huongezeka.

Madaktari huhesabu kukosa usingizi kuwa sugu kukitokea angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3. Tiba inayopendekezwa kwanza, kabla ya vidonge, ni ya kubadili fikra na mazoea ya kulala. Mojawapo ya kanuni zake huwashangaza wengi: usingizi usipokuja, usiendelee kugaagaa. Ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito.