Ramani ya hisi si ramani ya hisia

Kosa la kuita hisi hisia, safari hii nimelikuta kwenye mada ya mtaalamu wa mipango miji. Ukutani kuna mchoro wa mitaa umejaa viduara vya rangi: hapa harufu ya mikate, pale mngurumo wa magari, kule ubaridi wa kivuli cha miti. Juu yake, kwa herufi kubwa: RAMANI YA HISIA. Nikanyamaza, maana si adabu kumkatiza mtu kwa ajili ya irabu moja. Lakini irabu hiyo imebeba habari yote, na nimeshaikuta mahali pasipo pake mara nyingi mno, kwenye ripoti, kwenye tafsiri, hata midomoni mwa watu ninaowaamini kwa lugha.

Ramani ya hisi ni ramani ya mahali inayotokana na kile ambacho mwili umekipokea pale: kilichosikika, kilichonuswa, kilichoguswa, kilichoonjwa na, haya, kilichoonekana pia, ingawa jicho limeshapendelewa vya kutosha na ramani nyingine zote. Anayeichora hutembea, husimama, huandika alichokipata na mahali alipokipatia. Basi, maana ndiyo hiyo. Kazi iko kwenye neno.

Hisi tumelitoa kwenye Kiarabu, hiss, yaani kule kung'amua kitu kwa kiungo cha mwili. Waliotufundisha zamani waliita milango ya fahamu, na mimi bado naona hakuna aliyesema vizuri zaidi. Hisi ni mlango. Hisia ni mambo yanayotokea ndani ya nyumba mgeni akishaingia. Moshi ukifika puani, hiyo ni hisi. Mmoja akiunusa akamkumbuka bibi yake akatabasamu, mwingine akaanza kutafuta pa kukimbilia, hapo tumeshafika kwenye hisia. Moshi ni uleule, pua zimefanya kazi ileile.

Nakubali kwamba kitenzi ndicho kinachotuponza. Nahisi baridi, nahisi upweke, nahisi huyu ananidanganya. Ngozi, moyo na dhana, vyote vimepanda chombo kimoja. Kusikia nako hakuna mpaka: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia utamu, tunasikia njaa. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa sikio linapataje harufu. Sikio halipati kitu. Kusikia kwetu ni kupokea kinachokujia bila kukitafuta, na ukitaka kukitafuta lugha inakupa kitenzi kingine: harufu unaisikia, lakini ua unalinusa. Vivyo hivyo kuguswa na kupapasa. Taa zikizimika usiku ukaenda unapapasa ukuta, kidole kikakutana na fremu ya mlango, kikashuka hadi kwenye kitasa, umechora chumba kizima kwa kiganja. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Gibson, aliandika mwaka 1962 juu ya tofauti hiyo hiyo: watu walitambua umbo la kitu vizuri zaidi mkono ulipoachwa uzunguke wenyewe kuliko kitu kilipokandamizwa kwenye kiganja kilichotulia. Mwenye kupapasa angemwambia hivyo bila maabara.

Rudi sasa kwenye mchoro wa ukutani. Ubaya wa kuuita ramani ya hisia ni kwamba ramani za hisia zipo kweli, na ni kitu kingine kabisa. Msanii Christian Nold alianza mwaka 2004 kuwavisha watu vifaa vya vidoleni vinavyopima ngozi inavyobadilika mtu anaposisimka, pamoja na kifaa cha kuonyesha alipo. Wakazi wa Greenwich, London, walitembea mtaani kwao, wakarudi, wakaeleza nini kiliwasisimua pale ambapo mstari wa kipimo ulipanda. Hiyo ndiyo ramani ya hisia. Haikuambii barabara ilikuwa na kelele gani. Inakuambia huyu bwana alishtuka alipokuwa akiivuka.

Kate McLean anafanya lile jingine. Mwaka 2011 alichora harufu za mji wa Edinburgh, ikiwamo ile ya shayiri ya viwanda vya bia, akaonyesha upepo unavyozichukua harufu hizo na kuzitawanya juu ya mji. Hapo umewekewa kilichoifikia pua. Kama kinakupendeza au kinakuchefua, hilo ni lako.

Kuna na kosa dogo la pembeni: ramani ya kelele kuitwa ramani ya sauti. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2002 kwamba miji mikubwa ichorewe ramani za kelele, na nyingi kati ya hizo hukokotolewa na kompyuta kutokana na idadi ya magari na mwendo wake. Si lazima sikio lolote liwe limesimama pale. Isitoshe, desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, haijui kutofautisha maporomoko ya maji na lori. Ni ramani yenye manufaa, lakini hisi haimo.

Halafu kuna neno ramani lenyewe, ambalo lingepaswa kutuzuia tusikosee. Wanaisimu hulirudisha kwenye Kiajemi, rahnama, kitu kinachoonyesha njia. Mabaharia Waarabu walilitamka kwa namna yao, likawa rahmani, na rahmani haikuwa mchoro. Kilikuwa kitabu cha maneno cha kuongozea chombo: nyota ipi ishikwe, bandari ipi iko wapi, na dalili zipi za kuonyesha nchi kavu iko karibu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, anazitaja dalili hizo: ndege, nyoka wa baharini, sura ya maji, tope la chini ya bahari. Tope hilo hupandishwa na bildi, kamba ya kupimia kina yenye kipande cha madini ya risasi mwishoni. Unaitupa, unahesabu pima, unaivuta, unatazama kilichonata kwenye risasi, mchanga au udongo, unakisugua kati ya vidole, na vidole vinakuambia uko wapi. Rubani wa enzi hizo, kabla neno hilo halijapanda ndege, alisoma bahari kwa vidole, macho na pua. Kwa hiyo ramani ilitufikia ikiwa tayari imeshiba hisi; karatasi yenye mistari ndiyo mgeni.

Na wako waliofika mbali zaidi. Mabaharia wa Visiwa vya Marshall walifunga vijiti kwa kamba na kupachika simbi mahali pa visiwa, vijiti vikionyesha mawimbi makubwa yanavyopinda yakikutana na nchi kavu. Kisha wakaiacha ramani nyumbani. Baharini baharia aliyasikia mawimbi kwa mwili wake, kupitia mtumbwi. Aliyasikia, nasema, na hakuna Mswahili atakayeuliza kwa sikio lipi.

Basi, ndugu yangu wa mipango miji, mchoro wako ulikuwa mzuri na sina neno nao. Ninachoomba ni hiyo a ya mwisho. Ukiona bado unatatizika, tazama swali ulilowauliza watu wako mtaani. Kama ulisema "Unasikia nini hapa?", wamekupa hisi, na kichwa cha habari kifupishwe. Kama ulisema "Unajisikiaje hapa?", wamekupa hisia, na viduara vya mikate vingefutwa.