Kisu cha kukunja kando ya ziwa: dhana potofu, ukweli wake, na maboresho yanayodaiwa

Wapenzi wa visu duniani wana mambo mengi wanayotaka watengenezaji wayarekebishe katika kisu cha kukunja cha mfukoni: ubapa mwembamba zaidi karibu na makali, loki (kizuizi kinachoushika ubapa usijikunje) isiyolazimisha kidole kukaa kwenye njia ya makali, mpini unaofunguka na kuoshwa, skrubu za kawaida, na vipuri vinavyouzwa. Mtu wa Mwanza anaweza kudhani kuwa hayo ni matakwa ya watu wanaokusanya visu ili vikae kabatini, lakini sivyo. Mvuvi wa Igombe anayekata kamba ya nailoni ndani ya mtumbwi unaoyumba, na mchuuzi wa Mwaloni Kirumba anayefungua viroba vya dagaa tangu alfajiri, wanayahitaji maboresho hayo kuliko mkusanyaji yeyote. Kinachofanya tusiyadai tunapokwenda dukani ni dhana kadhaa ambazo tumezirithi na kuzirudia bila kuzipima.

"Stenlesi haishiki kutu"

Dhana hii imeenea kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoharibu visu vingi. Chuma huitwa stenlesi kinapokuwa na kromiamu ya takriban asilimia 10.5 au zaidi, kwa sababu kromiamu hiyo hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana kwa macho, ambao huzuia maji na hewa kukifikia chuma chenyewe. Utando huo ukikwaruzwa hujijenga upya maadamu hewa inaufikia. Kinachoushinda ni chumvi inayokaa mahali pamoja, kwenye unyevu, bila kuoshwa na bila kupata hewa.

Hapa ndipo wengi hujibu kwamba Ziwa Victoria ni la maji baridi, na kwamba kutu ni shida ya watu wa Tanga na Dar es Salaam. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, ila kazi ya kisu si kukata maji. Damu ya samaki ina chumvi, na kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, huacha chumvi tele kwenye kila kitu kinachomgusa. Tena kutu haianzi kwenye ubapa ambao unaufuta kwa kitambaa kila siku, bali huanza ndani ya kiungo, pale ubapa unapozungukia kwenye mpini, mahali usipopaona. Kikunje kisu mara tu baada ya kupara sato, na gamba moja lililonata kwa ute litaingia pamoja na ubapa kwenye mfereji wa mpini, likakaukia kando ya msumari wa kiungo na kushikilia unyevu hapo. Baada ya siku chache ubapa huanza kukwaruza unapofunguliwa, na ukiukunjua kabisa utaona uchafu wa rangi ya kahawia kwenye shina lake, ingawa ubapa wenyewe bado unang'aa.

Hata kiasi cha kromiamu hakisemi kila kitu. Chuma kiitwacho D2 kina kromiamu ya takriban asilimia 12, lakini hushika kutu kwa urahisi kuliko vyuma vingi vya stenlesi, kwa sababu sehemu kubwa ya kromiamu yake imeungana na kaboni na kuwa punje ngumu ziitwazo kabidi, hivyo haibaki huru kujenga ule utando. Kwa upande mwingine, chuma cha MagnaCut, kilichobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kuingia sokoni mwaka 2021, kina kromiamu ya asilimia 10.7 tu, lakini hustahimili kutu vizuri sana kwa kuwa mchanganyiko wake ulipangwa ili kromiamu isifungwe ndani ya kabidi.

Kwa sababu hiyo, boresho ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya mengine yote ni kisu kinachooshwa. Wapenzi wa visu wanaomba mpini wa vipande viwili vilivyounganishwa kwa vijiti vifupi, ulio wazi mgongoni, ili maji ya sabuni yaingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Wanaomba pia skrubu badala ya riveti, na msumari wa kiungo wenye ubavu bapa ili usizunguke ovyo unapoufungua kwa bisibisi moja. Baadhi ya watengenezaji hufuta dhamana mteja akikifungua kisu chake mwenyewe, jambo ambalo naliona ni kosa kubwa, maana humwadhibu mtu kwa kukisafisha chombo alichokinunua ili kukata samaki. Na anayekisafisha asipake mafuta ya kupikia kwenye kiungo, kwa kuwa hayo huganda yakawa ulimbo. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, na ubapa ufutwe vizuri kabla haujagusa chakula.

"Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, ndivyo kisu kinavyokuwa bora"

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Victorinox vya Uswisi hukaribia 56, na visu vingi vya bei kubwa hufikia 60 au zaidi. Mtu akisikia namba hizo hukimbilia ile ya juu. Chuma kigumu hakipindi makali upesi, hilo ni kweli, lakini kigumu kupita kiasi humeguka kinapokutana na mfupa wa kichwa cha sangara.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulisema mara chache. Vyuma vingi vya kisasa vinavyodumu na makali hutiwa metali iitwayo vanadiamu, na kabidi za vanadiamu ni ngumu kuliko madini ya kwatzi yaliyomo katika mawe ya asili tunayonolea. Jiwe uliloliokota ufukweni, hata liwe laini namna gani, litakwangua chuma kilichozizunguka kabidi hizo na kuziacha zenyewe bila kuziumba. Kinoo chenye chembe za almasi ndicho kinachozikata sawasawa. Mvuvi wa Kayenze au Ukerewe asiye na kinoo cha namna hiyo anafaidika zaidi na chuma cha kawaida kilichopashwa moto na kupozwa vizuri kiwandani, ambacho atakirudishia makali kwa dakika chache kabla ya kuingia ziwani, kuliko chuma cha sifa ambacho kikiisha makali hakuna wa kukinoa. Wapenzi wengi wa visu wamelitambua hili, na ndiyo maana siku hizi wanawaomba watengenezaji wataje namna walivyokipika chuma, si jina lake pekee.

Wanaomba pia kitu kidogo ambacho gharama yake ni karibu na bure: pengo dogo kwenye kisigino cha makali, mahali makali yanapoishia karibu na mpini. Pasipo pengo hilo kinoo hakifiki mwisho, na baada ya kunoa kwa miezi mingi kisigino hubaki kimevimba na butu huku sehemu nyingine ya makali ikizidi kuliwa. Anayenunua kisu sokoni anaweza kulikagua hilo kwa jicho, kabla hajauliza bei.

Kuhusu kunoa, niongeze hili kwa ufupi: cheche nyingi si dalili ya kazi nzuri. Visu vingi hupashwa moto wa mwisho kiwandani kwa takriban nyuzi joto 200 za Selsiasi, na ukingo wa makali, kwa wembamba wake, huvuka joto hilo upesi sana kwenye jiwe kavu linalozunguka kwa kasi. Ukingo ukishavuka joto hilo hulainika, na makali yake hayatadumu tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Mwombe fundi anoe kwa jiwe lenye maji, au akichovye kisu majini kila mara.

"Kisu kizito na kinene ndicho cha kazi"

Unene huzuia kukata. Kinachoamua jinsi kisu kinavyopenya ni wembamba wa ubapa mara tu nyuma ya makali, na kisu chenye unene wa nusu milimita hapo kitapita kwenye minofu ya sato pale ambapo kisu chenye milimita moja kitasukuma na kuchana. Opinel ya Ufaransa, ambayo imetengenezwa tangu mwaka 1890, ina ubapa usiofika unene wa milimita 2 katika saizi yake maarufu ya namba 8, na wakulima wameitegemea vizazi kwa vizazi. Ila mpini wake wa mbao hunywa maji na kuvimba, na ubapa ukang'ang'ania ndani, hivyo kwa mtu wa mtumbwini wazo la ubapa huo mwembamba ndani ya mpini usionyonya maji lingekuwa boresho la kweli.

"Kikiwa na loki, hakiwezi kukukunjikia vidoleni"

Visu vingi vya kukunja havina loki kabisa. Springi ya mgongoni huushikilia ubapa kwa nguvu kiasi, na ukisukuma kwa ncha ubapa hurudi. Kufungua kwake na kusimama imara kusikudanganye. Vyenye loki navyo hutofautiana. Opinel ilianza kutumia pete ya chuma inayozungushwa mwaka 1955. Buck ya Marekani iliipa umaarufu loki ya mgongoni katika miaka ya 1960. Loki iliyoenea zaidi sasa ni ya bamba jembamba lililo ndani ya mpini, ambalo huchepuka na kukaa nyuma ya shina la ubapa. Bamba hilo likizuiwa na mchanga au gamba la samaki hugusa shina kwa ukingo tu, na kisu huonekana kimefunga ilhali hakijafunga. Tena ili kukikunja ni lazima uweke kidole gumba mbele ya makali, jambo la hatari kwa mkono uliolowa ute.

Ndiyo maana wapenzi wa visu wanadai loki zinazoachiliwa kutoka nje ya njia ya makali, kama ile ya kijiti kinachokatiza mpini ambayo kampuni ya Benchmade iliitoa mwaka 1998, au zile za kitufe. Loki ya aina yoyote ni msaada kwa siku ya bahati mbaya, na haikipi kisu cha kukunja haki ya kutumiwa kama shoka.

"Kisu cha kufunguka kwa mkono mmoja ni cha wahuni"

Dhana hii inawaonea watu wa kazi. Kisu cha zamani hufunguliwa kwa ukucha unaoingizwa kwenye kijifereji cha ubapani. Ukucha uliolowa, wenye ute wa samaki, huteleza hapo mara tatu mfululizo, na mkono wa pili wakati huo umeshika wavu ambao hauwezi kuachiliwa. Kampuni ya Spyderco ilipotoboa tundu la mviringo kwenye ubapa na kuweka klipu ya kukishikiza kisu mfukoni kwenye mpini mwaka 1981, ilikuwa imetatua shida ya mtu mwenye mkono mmoja ulio huru, na mvuvi ndiye mtu huyo kila usiku anapovua dagaa kwa taa.

Kilichobaki ni mwenye mkono wa kushoto. Loki ya bamba na klipu za visu vingi zimepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia, hivyo yeye hulazimika kukifungua kisu kwa kukigeuza na kukikunja kwa kidole cha shahada. Kutoboa matundu ya skrubu za klipu pande zote mbili za mpini, na kuchagua loki isiyopendelea upande wowote, kungempa kisu kile kile anachokitumia mwenzake wa upande wa pili wa mtumbwi.